Tupeane uzoefu: shoti (upungufu wa bidhaa au pesa) ikitokea dukani au stoo, nani awajibike?

Mleta mada
Wakuu, shwari? Sehemu nyingi shoti ikionekana wafanyakazi wote wanakatwa, mpaka mlinzi. Piga hesabu: shoti ya 200,000 ikigawanywa kwa watu wanne, aliyeiba analipa 50,000 na anabaki na 150,000. Waaminifu watatu ndio wamemlipia. Mliowahi kushika stoo, kaunta au utumishi, shusheni utaratibu unaofanya kazi. Visa vya bosi mkorofi tuviweke pembeni.

Mshika Leja
Anza na ufunguo. Stoo moja, jina moja kwa zamu moja. Ufunguo wa akiba unakaa kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi. Bahasha ikifunguliwa, inaandikwa nani kafungua na saa ngapi. Watu watatu wakiwa na funguo, shoti haina mwenyewe, hata ungeleta polisi.

Kukabidhiana zamu kunahitaji kama nusu saa ambayo wote wawili wapo. Msihesabu stoo nzima, mtachoka na kuanza kuandika za kukisia. Chagueni bidhaa kumi zinazotoka sana au za bei kubwa, zihesabiwe kila zamu. Zilizobaki mara moja kwa wiki. Na anayehesabu asioneshwe idadi iliyoko kwenye leja (daftari la hesabu) au kompyuta. Akiiona tu, ataandika hiyo hiyo.

Kadi ya Stoo
Naongezea: kabla ya kumshika mtu, angalieni mapokezi. Shoti nyingi ni za karatasi. Katoni ya pisi 24 imeingizwa kama ya 12, au mzigo umepokelewa jioni na hati ikaandikwa kesho yake. Sukari nayo: mfuko wa kilo 50 ukipimwa kilo moja moja hautoi pakiti 50 kamili kila mara, kwa sababu mizani inaegemea kwa mteja kidogo kidogo na nyingine inamwagika. Pimeni mifuko mitano mbele ya mwenye duka, pateni wastani, uandikwe kuwa upungufu unaokubalika. Ukizidi hapo ndipo mtu aulizwe.

Halafu kuna soda ya bosi, anaichukua na kusema: "Nitaandika baadaye." Bosi asiposaini kitabu kile kile, msihangaike na utaratibu wowote.

Keshia wa Zamu
Kila keshia na droo yake, floti yake ya chenji na namba yake ya siri. Wakati wa kufunga, hesabu pesa na miamala ya simu kwanza, ripoti ya mauzo itolewe baadaye.

Ziada nayo iandikwe kama shoti inavyoandikwa. Keshia anayeficha 3,000 iliyozidi leo ataitumia kuziba pengo la kesho, na hapo hamtajua tena tatizo liko wapi.

Afisa Utumishi
Kwa Tanzania, kukata wote kwa mkupuo kunagonga kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la huyo mfanyakazi. Ajulishwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Wa 400,000 hapo ni 100,000.

Mkitaka kufika kwenye kufukuza, taarifa ya kikao cha nidhamu itolewe si chini ya saa 48 kabla, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Akiona kaonewa ana siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Waajiri wengi wanashindwa pale wakiwa na ushahidi wa wizi mkononi, kisa waliruka hatua.

Mwenye Kibanda
Mkuu, hayo ni ya duka kubwa. Sisi tuko wawili, mimi na kijana wangu.

Mshika Leja
Basi mzigo pokea mwenyewe, kuuza mwachie yeye. Bidhaa tano za bei kubwa zihesabu siku yoyote bila kutangaza, Jumanne wiki hii, Ijumaa wiki ijayo. Mwisho wa mwezi kila mtu huwa kajiandaa. Mkikubaliana jambo liandikeni na jina na tarehe. "Tutalifanyia kazi" haijulikani ni nani huyo.