Safari ya Thailand kwa bajeti ndogo, bila kampuni ya utalii: tuanze na lipi?

Ndugu wapendwa, salaam.

Mimi na mke wangu tunaishi Ulaya kwa kibali cha ukaazi na bado tunatumia pasipoti za Afrika Mashariki. Tunakusudia kwenda Thailand mwezi wa kumi, tukijipangia wenyewe kila kitu, na tumeona tiketi ya ndege ya bei nafuu ambayo tulitaka kuilipia wiki hii. Tunaomba waliotutangulia watueleze tuanze na lipi, na ni wapi hasa fedha za msafiri huvujia.

---

Ndugu yangu, salaam kwako na kwa shemeji.

Nakuomba usiilipie tiketi hiyo kabla hamjaamua mtakwenda upande gani wa nchi, kwa sababu Thailand haina msimu mmoja wa mvua kwa nchi nzima. Pwani ya Bahari ya Andaman, yaani Phuket na Krabi, hunyeshewa kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, ilhali visiwa vya upande wa Ghuba ya Thailand, kama Koh Samui na Koh Tao, hupata mvua zake kubwa kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Kwa hiyo mwezi wa kumi mlioutaja ndio mwezi ambao upande mmoja haujakauka na mwingine umeanza kulowa, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya tiketi kushuka bei. Kama lengo lenu ni bahari, sogezeni safari hadi nusu ya pili ya mwezi wa kumi na moja muende Andaman. Kama hamwezi kubadilisha likizo, nendeni mwishoni mwa mwezi wa kumi na muelekee kaskazini, Chiang Mai, ambako mvua huwa zinaaga na milima bado ni ya kijani. Huko kaskazini epukeni mwezi wa tatu, wakati moshi wa mashamba na misitu inayoungua hufanya hewa iwe nzito kiasi cha kuumiza kifua.

Jambo la pili ni karatasi. Masharti ya viza hufuata pasipoti uliyonayo, si nchi unayoishi, hivyo msiige walichofanya majirani zenu wenye pasipoti za Ulaya. Tangu tarehe 1 Januari 2025 maombi ya viza ya Thailand hufanywa kwa njia ya mtandao katika balozi zake zote, nanyi mtaomba kupitia ubalozi unaohudumia nchi mnayoishi. Kwa kuwa mwombaji hutakiwa kuonesha tiketi na mahali pa kufikia, chagueni tiketi inayoweza kubadilishwa na malazi yanayoweza kufutwa bila gharama, hata kama yanazidi bei kidogo. Thailand pia hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo na sasa hudumu maisha yote, kwa hiyo tafuteni vile vyeti vyenu vya manjano mapema, hasa kama mtapitia nyumbani kwanza. Ndani ya siku 3 kabla ya kuwasili mtajaza kadi ya kidijitali ya kuingia nchini, ambayo ni bure kabisa. Tovuti yoyote inayodai malipo kwa ajili yake si ya serikali. Hakikisheni pia kwamba vibali vyenu vya ukaazi havitaisha muda mkiwa safarini.

Kuhusu fedha kuvuja, mashine za benki huko humtoza mwenye kadi ya kigeni ada ya takriban baht (sarafu ya Thailand) 220 au zaidi kila anapotoa fedha, awe ametoa nyingi au kidogo. Toeni mara chache kwa kiasi kikubwa. Mashine itauliza kama mnataka hesabu ikatwe kwa sarafu ya kwenu: kataeni, mchague baht, kwa kuwa kiwango cha ubadilishaji kinachotolewa pale humnufaisha mwenye mashine.

Mahali ambapo bajeti ndogo haimnyimi mtu raha ni treni ya usiku kati ya Bangkok na Chiang Mai. Chukueni daraja la pili lenye vitanda, nanyi mtakuwa mmeokoa gharama ya chumba cha usiku mmoja. Jioni mhudumu hupita, akavuta viti viwili vinavyotazamana vikawa kitanda, akatandika shuka safi na kufunga pazia. Kitanda cha chini huzidi bei kidogo, lakini ni kipana na kina dirisha. Cha juu hakina. Bebeni sweta, maana kiyoyozi ni kikali na taa za njiani hazizimwi.

---

Naomba niongeze mawili, ndugu zangu. Wengi hukodi pikipiki wakifika, na wenye kukodisha mara nyingi hawaulizi leseni. Mkiwa na leseni ya gari tu, bima ya safari inaweza kukataa kulipia matibabu mkipata ajali, na bili ya hospitali binafsi inaweza kumeza akiba yote. La pili ni dengi, homa inayoenezwa na mbu, ambayo mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Pakeni dawa ya kufukuza mbu tangu asubuhi. Mkishikwa na homa tumieni parasetamoli, epukeni aspirini na ibuprofeni kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu, na muende kupima siku hiyohiyo.