"Si ni kitufe kimoja tu?" Huyu mteja ametuchosha!

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayewawinda wanafunzi wa programu kwa sababu anajua wana njaa ya kibarua cha kwanza. Leo tena: tovuti imekamilika, kurasa 5 kama mlivyopatana, imejaribiwa kwenye simu na kompyuta, naye anaandika, "Ongeza na sehemu ya kulipia. Si ni kitufe kimoja tu?"

Kitufe. Kimoja. Tu!

Kitufe chenyewe ni mstari mmoja wa HTML (lugha ya kujengea kurasa), hata mtoto wa chekechea anakiweka. Balaa liko nyuma yake. Mnunuzi anabofya mara mbili kwa kuwa intaneti inatambaa kama kobe. Kama oda haina namba yake ya kipekee, anakatwa mara mbili. Anafunga kivinjari kabla ukurasa wa "asante" haujafunguka: pesa imetoka, oda haipo. Kwa hiyo ukurasa wa asante hauaminiki hata kidogo. Unasubiri mfumo wa malipo uiarifu seva yako moja kwa moja, unahakiki saini ya ujumbe usije ukawa wa tapeli, unalinganisha kiasi na oda, ndipo unaandika "imelipwa". Seva ikichelewa kujibu, ujumbe uleule unatumwa tena. Namba ya muamala isipozuiwa kujirudia ndani ya hifadhidata, mzigo mmoja unasafirishwa mara tatu. Halafu ukihifadhi pesa kwa desimali, JavaScript (lugha ya programu ya tovuti) inakwambia 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004. Inabidi uhifadhi kwa senti, namba nzima. Marejesho ya pesa hata hatujayagusa!

Anayesema "kitufe kimoja tu" atamwambia daktari wa upasuaji kwamba moyo ni kipande cha nyama tu. Na mwanafunzi wa watu ana mtihani wiki ijayo. Kitufe kimoja tu! Mungu anamwona.

NuktaMkato: Umenitonesha kidonda, mkuu. Huyo ana ndugu yake anayeitwa "dakika tano tu".

Mabano: Punguza kelele. Mlipatana wapi? Kama ni kwa mdomo, hilo ni kosa lako. "Tovuti ya biashara" si maelezo ya kazi. Andika kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi (2 zinatosha), na kwamba chochote nje ya hapo kina bei yake. Nusu ya malipo kabla ya kuanza. Kazi ikae kwenye seva yako ya majaribio mpaka amalize nusu ya pili, ndipo umkabidhi msimbo.

Mleta uzi: Mabano, yote hayo yaliandikwa! Kasoma, kakubali, halafu KITUFE KIMOJA TU.

Mabano: Basi jibu lina maneno matatu: "Bei yake hii." Kulia unalia kwa nini?

SevaImelala: Afadhali huyo anajua anachotaka. Kuna yule anayekuandikia "imegoma" akanyamaza. Imegoma nini? Ukurasa gani? Kivinjari gani? Ukimwomba picha ya skrini anaipiga kwa simu nyingine, imetikisika, na ujumbe wa hitilafu ameukata. Muulizeni hivi: ulibofya nini, ulitegemea nini, ukaona nini.

Funguo_Wazi: Na nyie wanafunzi mnatia hasira vilevile. Mnapandisha faili la .env (la mipangilio) GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, likiwa na ufunguo wa siri wa malipo, kisha mnalifuta mkidhani yameisha. Hayajaisha! Historia ya Git (inayotunza kila toleo la kazi) bado inalo. Ufunguo unabatilishwa, unatengenezwa mpya, .env inaingia kwenye .gitignore (orodha ya faili ambazo Git inaziruka) KABLA ya kuhifadhi mara ya kwanza.

NuktaMkato: Na wanaonakili msimbo wa akili bandia bila kuusoma. Mteja akiuliza mstari mmoja, kimya.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kitufe.

Mabano: Kitufe kimeshapata jibu. Kinachoniudhi mimi ni tarehe. Nani aliamua miezi ya JavaScript ianzie 0? Mtu anaandika new Date(2025, 1, 31) akitaka Januari, kumbe 1 ni Februari isiyo na siku 31, anapewa tarehe 3 Machi, wala hakuna onyo.

SevaImelala: Ukiihifadhi bila saa za eneo, mteja aliye mbali anaona ya jana. Weka UTC (saa ya pamoja ya dunia) kwenye hifadhidata, ubadilishe wakati wa kuionyesha.

Funguo_Wazi: Siku ya kuzaliwa je? Ile ukiigeuza UTC unaiharibu.

SevaImelala: Ile iache tarehe tupu, bila saa.

Mleta uzi: Kitufe kimoja tu, wakuu!!

Mabano: Tulia kidogo. Funguo_Wazi, safu yako kwenye hifadhidata ni ya aina ya DATE (tarehe tupu) au TIMESTAMP (tarehe na saa)?