Julai 13: Soyinka kazaliwa, wapanda milima 43 wamefukiwa. Naweka vipi ubaoni?

mwalimu_wa_zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sekondari huku Lindi na nimekabidhiwa ubao wa "Siku Kama ya Leo", ule wa karibu na ofisi ya walimu. Julai 13 waliozaliwa wapo wa kutosha: Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria (Abeokuta, 1934), Harrison Ford wa sinema (Chicago, 1942), Ernő Rubik wa ule mchemraba wa rangi (Budapest, 1944). Halafu chini yao nakuta mstari mmoja mkavu: 1990, wapanda milima 43 wafa Lenin Peak, milima ya Pamir, enzi za Muungano wa Kisovieti.

Watu 43 wanakufaje mlimani kwa mpigo? Wanafunzi wangu wataniuliza hilo kabla gundi haijakauka. Na je, niwaweke karatasi moja na watu wa heri ya kuzaliwa? Mwenzangu wa Kiingereza anasema nitaharibu, niache tu.

benchi_la_akiba
Umesahau mpira! Julai 13, 1930 ndiyo Kombe la Dunia la kwanza lilianza, Uruguay. Ufaransa 4, Mexico 1, na Lucien Laurent ndiye mfungaji wa bao la kwanza kabisa. Weka hilo uone ubao utakavyosomwa.

mgumu_wa_marangu
Mwalimu, mimi napandisha wageni Kilimanjaro, na wageni wa Kirusi wakikaa kwenye hema la chakula hawamalizi jioni bila kuutaja huo Lenin Peak.

Kwanza ondoa ile picha ya watu waliofungana kamba wakidondoka gengeni. Hawa walikuwa kambini, ndani ya mahema. Lenin Peak una mita 7,134, lakini kwa milima ya kimo hicho unahesabika mwepesi, ndiyo maana ulijaa watu. Kwa Wasovieti, ukimaliza vilele vyao vitano vinavyozidi mita 7,000 ulipewa cheo cha Chui wa Theluji, na huo ulikuwa mmojawapo. Kambi ya pili ilikuwa kwenye mita 5,300 hivi: kwa Kilimanjaro ni kama umeshaipita kambi ya Kibo Hut, hujafika Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta. Ni mahali palipobonyea, wanapaita Kikaango, maana jua likitoka theluji inalirudisha kutoka kila upande na mtu unaiva. Palihesabika salama. Miaka nenda miaka rudi watu walilala pale.

Jioni ile tetemeko likapiga Afghanistan, upande wa Hindu Kush. Mbali kabisa. Lakini juu ya kambi kulikuwa na barafu kubwa inayoning'inia. Ikakatika, ikazoa theluji ya mteremko mzima, ikashukia mahema. Waliokuwa pale kambini wakatoka hai wawili tu. Wengi waliokufa ni wa timu ya Leningrad. Walikuwepo pia Wachekoslovakia, Waisraeli, Waswidi na Waswisi. Miili mingi haikupatikana wakati ule.

Usidhani ni mambo ya huko tu. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, hapa hapa Kilimanjaro, Wamarekani watatu wakafa. Kiongozi anayejua kazi anaikata njia ile mapema, mawe yakiwa bado yameshikwa na barafu. Mgeni akilalamikia baridi, avae koti la pili twende.

Kuhusu karatasi, weka moja. Siku ileile Soyinka alikuwa anatimiza miaka 56, tarehe haijui kutenganisha watu. Ila usiandike "43" halafu ukaishia hapo. Andika kwamba walikuwa kwenye mahema yao, mahali palipohesabika salama.

bi_kizimkazi
Huyo Soyinka usimmalize na Nobel ya 1986. Wakati wa vita vya Biafra alikaa kizuizini karibu miaka miwili. Na tangu miaka ya 1970 amekuwa akikipigia debe Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima, yeye Myoruba, wakati wenyewe tunaona haya kukitumia ofisini! Julai 7 utakuwa umebandika Siku ya Kiswahili, basi muunganishe hapo. Rubik mpe mstari mmoja. Ford mtoe, nani anamjua huko Lindi?

mwalimu_wa_zamu
Ford anamjua mkuu wa shule, Bi mkubwa, kwa hiyo anabaki. Soyinka nampandisha juu, mpira nauweka pembeni na picha. Mgumu, bado watu wanalala pale Kikaango?

mgumu_wa_marangu
Mlima unapandwa kila Julai na Agosti. Kambi ya pili siku hizi inapigwa pembeni, kwenye mawe, na Kikaango chenyewe wanakivuka alfajiri. Jambo jingine: uko mpakani mwa Kirgizia na Tajikistan, na Watajiki waliubadilisha jina mwaka 2006, wao wanauita Kilele cha Ibn Sina. Andika majina yote mawili, vijana wasije wakautafuta kwenye atlasi wakaukosa.