Mwenye hosteli amepokea kodi zetu za muhula, kisha akageuza paa kuwa klabu ya usiku

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Hosteli ninamoishi hapa Mombasa, upande wa bara baada ya kuvuka daraja la Nyali, ilitangazwa kwetu sisi wanafunzi wa vyuo vikuu kuwa makazi tulivu ya kusomea. Tulilipa kodi ya muhula mzima pamoja na amana, na kabla muhula haujafika katikati mwenye jengo akapandisha spika, kaunta ya pombe na taa za rangi juu ya paa, akaanza kuuza vitanda kwa wageni wa wikendi wanaotafuta malazi ya bei ya chini yenye starehe usiku kucha. Jina la jengo silitaji kwa sasa, kwa kuwa amana zetu bado ziko mikononi mwake na wapo wenzangu ambao wametishiwa kufukuzwa kwa kulalamika tu katika kundi la WhatsApp la wapangaji.

Hesabu anayoipiga naielewa vizuri. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari mwaka 2017, kijana wa Nairobi anaweza kuondoka kazini Ijumaa, akashuka kituo cha Miritini hapa Mombasa usiku huohuo, akastarehe hadi Jumapili na kurudi kazini Jumatatu. Hoteli za ufuoni hazilingani na mfuko wake, kwa hiyo anatafuta kitanda tu, na ikiwezekana kitanda kilicho chini ya ukumbi wa muziki ili asilipe tuktuk ya kumrudisha. Chumba cha wanafunzi wawili kikijazwa vitanda vya ghorofa kinalaza watu wanane, na kila mmoja hulipa kwa usiku. Sina ugomvi na wageni hao, kwani mji huu umeishi kwa wageni karne nyingi. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuza kitu kilekile mara mbili: amekwisha kutuuzia utulivu sisi, na sasa anauuzia umma kelele ndani ya kuta zilezile, huku kodi yetu ikiwa haijapungua hata shilingi moja.

Wenzetu waliokwenda makwao kwa Pasaka walirudi wakakuta godoro zimelaliwa na watu wasiowajua, makabati yamefunguliwa, na vitabu vimerundikwa kwenye ngazi. Msimamizi wa jengo, mzee wa watu ambaye sisi sote tunamheshimu, aliinamisha kichwa na kusema kwamba aliamriwa. Mwenye jengo alipopigiwa simu alijibu kwamba mkataba haumkatazi kutumia chumba ambacho mpangaji hayumo. Mkataba wenyewe ni karatasi moja isiyo na muhuri, na humo hakuna neno lolote kuhusu wageni, muziki wala pombe.

Kisha kuna maji, ambayo mtu asiyeishi Mombasa hawezi kuyapa uzito unaostahili. Mji huu hauna mto wake wa maji matamu. Tunategemea mabomba yanayotoka Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na mgao ukikatika tunabaki na maji ya chumvi ya kisima au tunanunua kwa mikokoteni. Tangi letu lilikadiriwa kwa idadi ya wapangaji. Wageni wakitoka kuogelea huoga maji matamu ili kuondoa chumvi mwilini, na ifikapo Jumamosi mchana tangi limekauka, nasi tunaanza kubeba mitungi kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Gharama ya mitungi hiyo hailipwi na yule anayekusanya pesa za vitanda.

Kuhusu kelele, sheria haina utata wowote. Kanuni za taifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 35 kwa usiku katika maeneo ya makazi, yakiwemo yale yaliyochanganyika na biashara na kumbi za burudani, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa 2 na kuisha saa 12 asubuhi. Desibeli 35 si mbali na mnong'ono. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado wanaiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, nayo iliweka saa 5 usiku kuwa mwisho wa baa ya kawaida kuuza pombe. Juu ya kitanda changu muziki huanza kupanda saa hiyohiyo ambayo sheria ilitaka uzimwe, na dirisha langu hutetemeka hadi adhana ya alfajiri. Tuliripoti. Maafisa walifika, wakapanda juu, wakashuka, na dijei hakupunguza hata kidogo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka ya leseni za vileo na pia udhibiti wa kelele, maana yake ni kwamba ofisi za serikali moja zinaweza kumaliza jambo hili kwa barua moja, bila kutupiana mpira.

Nimeisoma sheria hiyo ya vileo kwa makini, na kuna pengo ambalo linaniudhi kuliko yote. Inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule au taasisi yoyote ya elimu ya watu walio chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa chuo kikuu hayumo katika ulinzi huo, wala mahali anapolala hapamo. Mwaka 2025 NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilipopendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe hadi miaka 21, watu walibishana kwa wiki nzima kuhusu umri, na sikumsikia hata mmoja akiuliza ni wapi pombe hiyo inauzwa. Mimi ni mtu mzima na sihitaji kulindwa dhidi ya glasi ya bia. Anayetaka kucheza hadi kupambazuke anaijua njia ya Mtwapa, na hakuna anayemzuia. Ninachodai ni haki ya mtu aliyelipia chumba kulala ndani yake usiku wa kuamkia mtihani.

Wasichana wa hosteli yetu wana malalamiko mazito zaidi, na wameniruhusu niyaandike. Kila wiki kuna usiku wa akina dada ambapo wanawake hawalipi kiingilio na hupewa toti za pombe za bure, na tangazo linalosambazwa Instagram huonyesha picha zao, nyingine zikiwa zimepigwa walipokuwa wakianika nguo au wakipanda ngazi kuelekea vyumbani. Hawakuombwa ruhusa. Wageni wamesoma tangazo hilo na sasa wanagonga milango ya wanafunzi usiku wakidhani kwamba wasichana hao ni sehemu ya starehe waliyoilipia. Dada mmoja amehamia kwa shangazi yake Likoni na kila asubuhi anapanga foleni ya feri ili awahi darasani. Mwenye jengo akumbuke kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Hapa picha si za wateja hata kidogo, ni za wapangaji waliokuwa nyumbani kwao.

Toti hizo za bure nazo zinanitisha. Humiminwa kutoka madumu yasiyo na lebo. Februari 2024 Kirinyaga ilizika watu zaidi ya kumi waliokunywa pombe yenye sumu, na Novemba mwaka huohuo, huko Vang Vieng nchini Laos, watalii vijana walikufa kwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, katika mji uliojaa hosteli za starehe za bei nafuu kama hii inayoigwa hapa kwetu. Methanoli haina ladha ya kumwonya mtu; mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho kwanza, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hivyo mtu hulala akidhani ni ulevi wa kawaida na kuamka haoni. Yeyote anayeamka na ukungu machoni baada ya kunywa apelekwe hospitali papo hapo, asiachwe alale zaidi.

Jambo la mwisho, ambalo lingetosha peke yake kufunga jengo hili, ni geti la chuma kwenye ngazi. Ili wageni wasiolipa wasipande kwenye paa kupitia vyumbani, mabaunsa hulifunga kwa kufuli kuanzia jioni, na madirisha yetu yote yana vyuma. Ngazi ni hiyo moja. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, ambako mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Nimemwandikia mwenye jengo kuhusu geti hilo kwa lugha ya heshima, naye akanijibu kwamba asiyeridhika ahame.

Kuhama si rahisi kama anavyodhani. Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, zikichelewa hatuna cha kulipia kwingine, na amana hairudishwi kwa anayeondoka katikati ya muhula. Wengi hukimbilia wazo la baraza la migogoro ya kodi za nyumba, lakini Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kwa chumba cha mwanafunzi Mombasa ya leo hakipatikani. Njia iliyobaki ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60.

Kwa hiyo nawaomba wapangaji wenzangu, na wanafunzi wa hosteli nyingine zilizogeuzwa hivyo kuanzia Tudor hadi Bamburi, wahifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kodi na amana, warekodi kelele pamoja na tarehe na saa, wapige picha ya kufuli likiwa limefungwa, na waniandikie faraghani ili tuwasilishe madai yetu kwa pamoja. Wakili yeyote humu anayejua kama tunaweza kudai sehemu ya kodi kwa usiku ambao chumba hakikukalika, tafadhali atuambie hapa hapa, kwa sababu mitihani inaanza mwezi ujao na geti bado linafungwa kila jioni.