Kambale au karpe kwenye bwawa la tilapia?

MwanaKabare: Salamu wapendwa. Jumamosi nashuka Bukavu kuchukua vifaranga vya samaki. Bwawani nina tilapia, kila juma natia mavi ya kuku, lakini maji hayageuki kijani. Nasikia samaki wanaochimbua matope huirudisha mbolea juu. Nichukue kambale au karpe?

Mama Bahati: Bwawa lina ukubwa gani, papa? Kina? Tilapia wangapi? Bila hayo tutakupoteza.

Fundi wa Etangi: Karpe yupi? Sokoni kwetu hata tilapia anaitwa karpe. Kama ni yule mwenye visharubu mdomoni, mchukue. Akifukua matope, fosforasi na azoti, yaani chakula cha mimea kilicholala chini, vinapanda, mimea midogo inayoyapa maji kijani inashiba, tilapia anayeila naye anashiba. Na baridi ya Kabare anaivumilia.

Nyangezi82: Ndugu, usikimbilie. Mimi nilitia karpe 150 kwenye ari mbili, yaani mita mraba mia mbili. Miezi miwili ya kwanza maji yalikuwa kijani, nikamshukuru Mungu. Walipokua, yakawa kama chai ya maziwa: unatumbukiza mkono, kabla kifundo hakijalowa huvioni vidole. Jua haliingii, kile kijani kikafa, na udongo mwekundu unaoelea ukainasa tena fosforasi. Halafu wakachimbua kingo. Mvua ya Novemba ilipokuja ukingo mmoja ukakatika, tilapia wote wakaenda na maji. Ilikuwa karo ya watoto ile.

Mama Bahati: Pole sana, kaka. Ila walikuwa wengi mno.

Fundi wa Etangi: Ishirini wangetosha. Karpe mwenyewe hana kosa.

Kivu_Kambale: Kambale! Anakoroga kidogo, na anakula watoto wa tilapia wanaojaza bwawa na kudumaa. Mtie akiwa mdogo kuliko tilapia wako, la sivyo atawamaliza.

MwanaKabare: Aksanti. Ni ari tatu, kina mita moja. Maji ya kijito yanaingia usiku na mchana, yanatokea upande wa pili.

Mama Bahati: Basi mbolea yako inakwenda na kijito, papa! Funga maji, uingize ya kufidia yanayopungua tu. Na chokaa ulitia? Matope machachu huishikilia fosforasi.

Kivu_Kambale: Chokaa mnanunua wapi sasa? Imepanda bei.

Nyangezi82: Mimi natumia jivu la kuni.

Fundi wa Etangi: Jivu utahitaji nyingi sana kwa ari tatu.

MwanaKabare: Nitafunga leo jioni. Lakini vifaranga nimekwisha lipa nusu, na muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa.