Iowa: ramani safi, viti vyote vinne kwa chama kimoja. Je, hii ni haki?

Mleta mada

Salaam wakuu. Naomba tujadili jambo ambalo wenzetu wanaoishi Marekani wanaligusa kila baada ya miaka miwili, na sisi wengine tunalisikia kwenye taarifa za habari bila kuelezwa chanzo chake.

Mwaka 2024 Donald Trump alipata takriban asilimia 56 ya kura za urais katika jimbo la Iowa. Kamala Harris alipata asilimia 42 na ushei. Iowa ina viti vinne tu katika Baraza la Wawakilishi huko Washington. Ungetegemea wagawane viwili kwa viwili, au basi vitatu kwa kimoja. Wademokrati hawakuambulia hata kimoja. Mariannette Miller-Meeks, Ashley Hinson, Zach Nunn na Randy Feenstra, wote Warepublikani, walirudi bungeni kama walivyoshinda 2022.

Mtu akisikia hivyo atasema mipaka imechorwa kwa hila. Lakini Iowa ndilo jimbo linalotajwa kila mara watu wanapotafuta mfano wa ramani iliyochorwa kwa uadilifu. Tangu sheria ya 1980, wanaochora maeneo bunge huko ni watumishi wa kudumu wa ofisi inayolihudumia bunge la jimbo, na wanapokuwa kazini hawatumikii chama chochote. Sheria inawakataza kuangalia wapigakura wamejiandikisha chama gani, inawakataza kutumia matokeo ya chaguzi zilizopita, na inawakataza hata kuzingatia mbunge aliyeko anaishi wapi. Wanafanya kazi na idadi ya watu na mipaka ya kaunti. Katiba ya jimbo hairuhusu kaunti kukatwa vipande kwa ajili ya uchaguzi wa Kongresi, na kaunti ziko 99. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 3,190,369. Gawa kwa nne unapata karibu 797,592. Watumishi wale wakapanga kaunti nzima nzima hadi tofauti kati ya eneo kubwa na dogo ikawa chini ya watu 100. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kuheshimiwa sana.

Basi tunasemaje? Ramani ni safi, matokeo ni nne kwa sifuri.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge vizuri. Ramani ya Iowa ni ya haki, na sifuri ya Wademokrati haiondoi haki hiyo. Swali ninaloiuliza ramani yoyote ni hili: mbunge aliyeko anaweza kung'olewa na wapigakura wake? Iowa jibu ni ndiyo, na ushahidi upo. Mwaka 2018, kwa utaratibu huu huu, Wademokrati walichukua viti vitatu kati ya vinne: Abby Finkenauer, Dave Loebsack na Cindy Axne. Aliyebaki kwa Warepublikani alikuwa Steve King peke yake. Miaka miwili baadaye Finkenauer alishindwa. Mwaka 2020 huo huo, Miller-Meeks alimshinda Rita Hart kwa kura sita. Kura sita, katika uchaguzi uliopigiwa kura zaidi ya 390,000! Hart alilalamika kwamba kuna kura 22 halali zilizoachwa bila kuhesabiwa, akapeleka shauri lake kwenye Baraza la Wawakilishi lenyewe, kisha akaliondoa mwishoni mwa Machi 2021. Na 2024, Miller-Meeks huyo huyo alimshinda Christina Bohannan kwa kura zisizofika 1,000.

Mbunge anayeshinda kwa kura sita hawezi kulala usingizi mzito. Lazima apokee simu za wakulima wa mahindi na za wauguzi wa Davenport pia.

Tena watumishi hawa hawamwonei haya mtu. Ramani ya 2001 iliwaweka Jim Leach na Jim Nussle, wabunge wawili wa chama kimoja, ndani ya eneo moja. Leach, aliyekuwa Kongresi tangu miaka ya 1970, alihamia Iowa City ili agombee eneo jingine. Baada ya sensa ya 2010 Iowa ilipoteza kiti chake cha tano, na Tom Latham akalazimika kwenda kupambana na mbunge mwenzake, Leonard Boswell. Ramani ya 2021 ilipotoka, kaunti ya nyumbani kwa Miller-Meeks ikaangukia eneo la tatu, naye akahama ili agombee la kwanza. Mpigakura alibaki alipo, mbunge ndiye aliyefunga mizigo.

Linganisheni na jirani. Illinois, upande wa pili wa mto Mississippi, ina viti 17. Trump alipata karibu asilimia 44 ya kura huko 2024. Wademokrati walichukua viti 14, Warepublikani vitatu. Ramani ile ilichorwa na wanasiasa wa Kidemokrati walioshika bunge la jimbo. Eneo la 13 linaanzia Champaign, linapita Decatur na Springfield, linateremka mpaka East St. Louis, limekonda kama mkanda, likiokota miji yenye Wademokrati na kuacha mashamba yaliyo katikati. Kaskazini, Wisconsin ni jimbo ambalo vyama vinakaribiana kabisa, Trump alilishinda kwa chini ya nukta moja ya asilimia, lakini viti vinane vimegawanyika sita kwa Warepublikani na viwili kwa Wademokrati. Vyama vyote viwili mikono yao haiko safi.

Nakubali Iowa ina mwanya mkubwa. Watumishi wanachora, lakini bunge la jimbo ndilo linalopiga kura. Linaweza kukataa rasimu ya kwanza, likakataa ya pili, na rasimu ya tatu linaruhusiwa kuirekebisha kama muswada mwingine wowote. Oktoba 2021 Seneti ya jimbo, iliyokuwa na Warepublikani wengi, ilikataa rasimu ya kwanza. Wakapitisha ya pili, na Gavana Kim Reynolds akaitia saini mwezi uliofuata. Kwa hiyo kinachoilinda Iowa ni mazoea na aibu. Na aibu inapungua kwa kasi: mwaka 2025 Texas ilichora upya katikati ya muongo, bila kusubiri sensa ya kila miaka kumi, California ikajibu kwa kura ya maoni ya Novemba, Missouri nayo ikafuata.

Je, majimbo mengine yaige Iowa, au wanaoiga watakuwa wanawaachia wapinzani uwanja? Karibuni.

Mchangiaji, Chicago

Mleta mada, nakuheshimu, ila umeitazama Illinois ukiwa umesimama nje ya nyumba. Baraza la Wawakilishi lina viti 435. Uchaguzi wa 2024 ulitoa Warepublikani 220 na Wademokrati 215. Viti vitatu tu vikihama, uongozi wa Baraza zima unabadilika, na pamoja nao bima za afya, sera za wahamiaji, kila kitu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Rucho, ilisema mahakama za shirikisho hazina la kufanya kuhusu mipaka inayochorwa kwa maslahi ya chama. Machi 2021 Wademokrati walipitisha katika Baraza muswada ulioitwa H.R. 1, ambao ungeondoa kazi hii mikononi mwa wanasiasa nchi nzima. Ulifia Seneti. Sasa mnataka Illinois iwe mwadilifu peke yake, wakati Texas inajiongezea viti? Mimi naishi na watu ambao hatima yao inaamuliwa na hesabu ile ya Washington. Siwezi kuwaambia wasubiri mpaka kila mtu awe mwema.

Mleta mada

Mkuu wa Chicago, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na nilijua itakuja. Naomba uitazame upande wa mpigakura wa Kirepublikani wa Springfield, au Mdemokrati wa Kansas City ambaye ramani mpya ya Missouri imelichana eneo lake vipande ili kumwondoa Emanuel Cleaver, aliyeliwakilisha tangu 2005. Hao wawili wameambiwa jambo moja: kura yako tumeshaihesabu kabla hujaipiga. Eneo likishakuwa salama kwa chama, anayeamua ni wale wachache wanaojitokeza kwenye mchujo wa ndani ya chama, na mgombea anawasikiliza hao tu.

Halafu si kweli kwamba hakuna anayeweza kukataa. Desemba 2025 Seneti ya Indiana, yenye Warepublikani 40 kati ya 50, iliipigia kura ramani ambayo ingewapa viti vyote tisa. Ikulu ilikuwa imewabana waziwazi. Wakaikataa kwa kura 31 dhidi ya 19, na Warepublikani 21 walikuwa miongoni mwa waliokataa. Mimi binafsi sikutegemea.

Mchangiaji, Nairobi

Mnabishana juu ya kalamu wakati tatizo ni karatasi. Ukiwa na maeneo yenye mbunge mmoja mmoja na anayeongoza anachukua chote, asilimia 42 iliyotawanyika sawasawa katika jimbo itapata sifuri hata malaika akichora mipaka. Iowa iwe eneo moja lenye wabunge wanne, viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Kinachozuia ni sheria ya shirikisho ya 1967 inayotaka kila mwakilishi awe na eneo lake. Sheria hiyo ilipitishwa na Kongresi, na Kongresi inaweza kuifuta kesho bila kugusa Katiba.

Mchangiaji, Des Moines

Shikamooni wakubwa. Mimi napiga kura eneo la tatu, kwa hiyo haya mnayoyasema nayaona kwa macho.

Kwanza kuhusu kaunti nzima nzima. Inapendeza kwenye karatasi. Kaunti ya Polk, yenye Des Moines, ndiyo yenye watu wengi kuliko zote Iowa, nayo imefungwa pamoja na kaunti nyingi za mashambani. Mwaka 2024 Lanon Baccam, mtoto wa wakimbizi kutoka Laos, alimshinda Nunn ndani ya Polk, akaenda kushindwa huko nje. Mwaka 2022 Cindy Axne alipoteza kwa kura 2,000 na kidogo. Sisi wa mjini tunabaki na mbunge ambaye hatukumchagua. Hata hivyo naungana na mleta mada, kwa sababu kila mwaka wa uchaguzi wagombea wa pande zote mbili wanatutafuta. Wanakuja makanisani kwetu Wakongo na Warundi, wanatafuta wakalimani wa Kiswahili. Kaka yangu anaishi katika jimbo lenye ramani iliyofungwa, na hajawahi kubishiwa hodi na mgombea.

Pili, mnasahau nani anaruhusiwa kufika kwenye sanduku. Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa 2024, ofisi inayosimamia uchaguzi Iowa iliwapa wasimamizi wa uchaguzi wa kaunti orodha ya majina 2,176 ya watu waliowahi kuiambia idara ya uchukuzi kwamba si raia. Wengi walisema hivyo walipochukua leseni ya udereva, kisha baadaye wakaapishwa kuwa raia. Jaji wa shirikisho aliruhusu orodha itumike. Uchunguzi wa baadaye ulikuta wasio raia 277, na kati yao 35 ndio waliopiga kura. Maana yake karibu tisa kati ya kila kumi waliokuwa kwenye orodha ile walikuwa raia halali, na waliambiwa wathibitishe uraia wao mbele ya foleni. Wekeni hesabu hiyo kando ya ushindi wa kura zisizofika 1,000 katika eneo la kwanza. Mtu mwenye cheti cha uraia akikosa amani ya kwenda kituoni, ramani safi haimsaidii.

Mchangiaji, Detroit

Michigan hatujaiga Iowa na tumefika. Mwaka 2018 wananchi wenyewe walipiga kura, asilimia 61, kuunda tume ya watu 13: wanne Wademokrati, wanne Warepublikani, watano wasio na chama. Kwa ramani yao, 2022 tulipeleka Wademokrati saba na Warepublikani sita. Mwaka 2024 jimbo lilipoelekea kwa Trump, ikageuka: Warepublikani saba, Wademokrati sita. Ramani ile ile! Ila msidhani tume haikosei. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho ilifuta maeneo 13 ya bunge la jimbo hapa Detroit kwa sababu tume ilitumia rangi ya watu kupita kiasi ilipochora.

Mleta mada

Dada wa Des Moines, ahsante. Hoja ya orodha ile inastahili uzi wake, na ningependa uulete wewe.

Wa Nairobi, mfumo wa uwiano naukubali kwa moyo, ila Kongresi iliyochaguliwa kwa maeneo haya haya ndiyo ingetakiwa kuufungua mlango, na sioni wabunge 218 walio tayari. Mpaka hapo, kalamu ina maana.

Michigan imenionyesha jambo kuhusu Iowa. Tume yao imeandikwa ndani ya katiba ya jimbo, wakati utaratibu wa Iowa uko katika sheria ya kawaida ambayo wingi wa siku moja unaweza kuibadilisha. Kuuingiza kwenye katiba kunahitaji mabunge mawili ya jimbo yanayofuatana yapitishe maneno yale yale, halafu wananchi wapige kura. Ikianza na bunge litakaloketi 2027, inawezekana kumalizika kabla ya ramani ya 2031. Wagombea wa bunge la jimbo wanapobisha hodi katika kaunti za Polk, Linn na Scott, kuna yeyote kati yenu aliyewauliza kama watakubali kuuondoa uwezo wao wa kuirekebisha rasimu ya tatu? Walijibu nini?