Mbona kupunguza mambo ni kazi kuliko kuyaongeza?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Binti yangu ataolewa baada ya mfungo wa Ramadhani, inshallah, na ombi lake ni moja tu: nikahi isomwe msikitini, watu wapewe halua na kahawa, kisha jamaa wale wali nyumbani, basi. Nililipokea ombi hilo kwa furaha kubwa, kwa kuwa nimechoka kuona vijana wakianza ndoa na madeni ya ukumbi, wapambaji na mpiga picha. Lakini tangu nilipolitamka mbele ya jamaa sina usingizi. Dada zangu wamenuna, na mmoja ameniuliza kama mwanangu hana wenyewe.

Nyumba ninayokaa ilijengwa na wazee wetu kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Ukipita uchochoroni huoni ila ukuta mtupu wa chokaa. Zidaka zenye nakshi, yaani vishubaka vya ukutani, ziko chumba cha ndani kabisa, ambako mpita njia hafiki. Wazee hao walikuwa na mali, wala hawakuikana, ila hawakuona haja ya kuitandaza njiani. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni huja kuusifu utulivu wa kuta hizo. Naomba kuuliza: sisi tunaolala ndani yake, kinachotushinda ni nini hasa?

Seremala wa Matondoni

Waalaykumu salaam. Nitajibu kwa kazi ninayoijua. Mteja akitaka mlango wenye nakshi, kosa dogo la kuunga mbao hufichika chini ya maua. Akitaka mlango mtupu, kila kiungo kinaonekana, na mbao yenyewe lazima iwe kavu na isiwe na fundo. Nilipokuwa mwanagenzi nilidhani mlango mtupu ni wa kujifunzia tu. Mwalimu wangu alinirudisha mara tatu kuupiga randa ubao mmoja, akiupitisha kiganja na kunionyesha kwa ukucha mahali palipobaki mawimbi ambayo jicho langu halikuyaona.

Na harusi ni hivyo hivyo. Ukiondoa mapambo, kilichobaki kitatazamwa chote: wali uive sawasawa, mgeni apokewe mlangoni, mzee apewe mahali pake pa kukaa. Nadhani wengi wetu hukimbilia ukumbi kwa sababu unatupunguzia kazi hiyo.

Mama wa Barani, Malindi

Kaka yangu, usiwahukumu dada zako upesi. Nimelea watoto wanne kwa kuuza mahamri na mbaazi, kwa hiyo maisha ya vitu vichache nayajua bila kuyachagua, na huona uchungu yanaposifiwa na mtu ambaye kabati lake limejaa. Binti yako anachagua, na hiyo ni neema.

Lakini harusi zetu zina hesabu ambayo wanaume hawaioni. Kwa miaka mingi nimepeleka mchele, sukari na leso katika shughuli za wenzangu, nikijua kwamba siku ya mwanangu vitarudi. Dada zako nao wamepeleka, na waliopokea wanaingoja siku ya kulipa. Ukitangaza kwamba hakuna shughuli, unawafungia mlango wanaodai na wanaodaiwa pia. Kaa nao uwaulize ni kipi wasichoweza kukiacha, kwani huenda si ukumbi.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Dada wa Malindi, Mungu akulipe kheri. Jana baada ya isha nilikwenda kwa dada yangu mkubwa nikamuuliza kama ulivyoniagiza. Alitoa daftari la shule lililochakaa, kurasa zimejaa majina na vipimo, kilo kumi za mchele hapa, leso pale, na ukurasa wa kwanza uliandikwa kabla binti yangu hajaanza kutembea. Hakuutaja ukumbi hata mara moja. Tumekubaliana kwamba mchele uletwe na upikwe uani kwetu, na wanawake wapate usiku wao wa kuimba nyumbani. Nawe seremala, neno lako nimelichukua: mlangoni nitasimama mimi mwenyewe. La mpiga picha bado hatujaelewana, na binti yangu ameomba wiki moja azungumze na shangazi zake.